Mimea na Uzazi wa Mwanamume Mwenye Kisukari

Katika kliniki za kisukari jijini Dar es Salaam, mwanamume huulizwa kuhusu miguu, macho na figo, lakini ni nadra kuulizwa kama anatafuta mtoto. Mwenye shida hiyo huenda kutafuta jibu Kariakoo, na siku ya kliniki hutoa kwenye mfuko chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa dawa ya rangi ya kahawia, yenye kikaratasi kinachodai kuwa inatibu sukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, bila jina la mmea wala tarehe ya kutengenezwa.

Nguvu za kiume ni jambo moja na uwezo wa kutungisha mimba ni jambo jingine, na kisukari huathiri yote mawili. Kinapoharibu neva na mishipa ya damu, uume hushindwa kusimama ipasavyo, na wakati mwingine shahawa hurudi nyuma kwenye kibofu cha mkojo badala ya kutoka nje. Ndani ya korodani, sukari iliyozidi huongeza radikali huru, yaani molekuli zisizotulia ambazo hushambulia seli. Mbegu ya kiume huumia upesi kwa sababu utando wake una mafuta mengi yanayooksidika kwa urahisi, na uwezo wake wa kujikarabati ni mdogo mno. Utando ukiharibika, mkia hupoteza kasi, na DNA iliyobebwa kichwani inaweza kukatika vipande.

Hapa ndipo viambata vya mimea, yaani kemikali asilia zilizomo ndani yake, vilipowavutia watafiti. Kwasetini ya vitunguu maji, kurkumini ya manjano, jinjeroli ya tangawizi na thimokwinoni ya habbasoda hupunguza radikali huru na kuamsha vimeng'enya ambavyo mwili hutumia kujilinda. Panya waliosababishiwa kisukari kwa streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, wameonekana mara nyingi kuwa na mbegu nyingi zaidi na zenye mwendo bora wanapopewa viambata hivi. Ushahidi huo ninauheshimu. Hata hivyo, panya hupewa kiambata kilichopimwa kwa kila kilo ya uzito wake, na kisukari chake ni cha wiki chache tu, ilhali mgonjwa wetu ameishi na ugonjwa kwa miaka mingi, na kurkumini anayoila hufyonzwa kidogo sana kuingia kwenye damu. Majaribio kwa wanaume wenye kisukari bado ni machache na madogo, hivyo hayatoshi kumwandikia mtu dawa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni dhana kwamba kitokacho kwenye mmea hakina madhara. Gosipoli, iliyomo kwenye mbegu za pamba, ilijaribiwa nchini China katika miaka ya 1970 kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume: ilipunguza mbegu za kiume kweli, lakini baadhi ya wanaume hao hawakurudiwa na uwezo wa kuzalisha, na wengine walishuka potasiamu katika damu. Mwarobaini, ambao huchemshwa katika nyumba nyingi, nao umepunguza uzazi wa panya dume maabara. Karela na uwatu hushusha sukari, na anayevichanganya na glibenklamaidi, kidonge cha hospitali cha kushusha sukari, bila kumweleza daktari anaweza kushukiwa sukari hadi kuzimia.

Tangawizi, vitunguu na manjano katika chakula cha kawaida havina shida kwa walio wengi. Dawa za hospitali zisiachwe, na chupa ya dawa ya asili iletwe kliniki, ionekane. Mwanamume aombe kupimwa HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi 3, pamoja na kipimo cha shahawa, ambacho huchukuliwa baada ya kujizuia kujamiiana na kutoa shahawa kwa siku 2 hadi 7. Majibu yakiwa si mazuri, sukari idhibitiwe na kipimo kirudiwe baada ya miezi 3, kwa kuwa mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, na zile zinazoonekana leo chini ya hadubini zilianza safari yake wakati sukari ilikuwa bado juu.