Kwa nini meno ya kahawia ya Arusha huonekana kama ya kurithi?

Kwa waliokulia chini ya Mlima Meru, au kule Nakuru nchini Kenya, si ajabu kukuta nyumba nzima ina meno ya mabaka ya kahawia: baba, mama, watoto. Mgeni hukata shauri upesi kwamba hilo ni la ukoo, au ni la kabila lao. Wapo pia wanaodai watu hao hawapigi mswaki. La mswaki ni rahisi kulikanusha, maana mabaka yamo ndani ya jino lenyewe. La kurithi ni gumu zaidi, kwa sababu kwa macho kila kitu kinaliunga mkono.

Ila kinachorithishwa pale ni kisima. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floridi, aina ya madini, kwenye maji ya ardhini. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima na chemchemi nyingi za kandokando ya Meru huvuka kiwango hicho mara kadhaa. Hali inayotokea huitwa fluorosisi ya meno.

Chukua ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa alizaliwa Tanga, akahamia Arusha ana miaka kumi. Meno yake ya mbele ni meupe. Mdogo alizaliwa baada ya familia kuhama. Yake yana mabaka. Wazazi ni walewale, maji ndiyo yaliyobadilika. Jambo kama hili lilionekana pia Marekani, katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho. Kina mama waliona mabaka yameanza kwa watoto wao baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu. Daktari wa meno Frederick McKay, ambaye alikuwa akifuatilia hali hiyo tangu 1901 huko Colorado Springs, aliwashauri waliache bomba hilo. Wakaliacha, na baada ya miaka michache wadogo wa watoto wale wakaota meno safi. Kwamba kiini ni floridi kilikuja kujulikana mwaka 1931.

Meno yenye kasoro ya kurithi yapo kweli, na huitwa amelojenesisi imperfekta. Hayo kwa kawaida huharibika yote, ya utotoni na ya ukubwani, ilhali fluorosisi huyaathiri zaidi ya ukubwani. Kuna aina moja ya ajabu sana, inayotokana na jeni iliyo kwenye kromosomu X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli. Kila seli ya mwanamke hutumia X moja tu kati ya mbili alizonazo, kwa hiyo jino lake hujengwa na makundi ya seli nzima na makundi ya seli zenye kasoro, bega kwa bega. Matokeo ni mistari ya wima, kutoka kwenye ufizi hadi kwenye ncha. Mistari ya fluorosisi hulala mlalo, na meno ya kushoto na kulia hufanana. Kwa jicho lililozoea, jino lenyewe linatoa ushahidi.

Floridi inaharibu vipi? Gamba la nje la jino, yaani enameli, hutengenezwa ndani ya taya, chini ya ufizi, na seli ziitwazo ameloblasti. Kwanza humwaga protini zinazoshikilia umbo. Kisha protini hizo huvunjwa na kuondolewa ili madini yajae. Fikiria ghala linalomwagiwa zege la juu. Mafundi husimamisha mirunda chini ya zege. Likishakomaa, mirunda hutolewa, ndipo magunia yanapoingia na kupangwa yakabanana. Floridi ikizidi, utoaji wa mirunda huchelewa. Magunia yanapenyezwa katikati ya miti, na siku ya kufunga mlango ghala lina mianya tele. Kufunga mlango ni siku jino linapochomoza: ameloblasti hufa, na hakuna seli ya kurudi kurekebisha.

Ndiyo maana jino hilo hutoka na weupe uliofifia, usiong'aa. Ukahawia huja baadaye, rangi zinapoingia kwenye mianya. Kwa meno mawili ya mbele ya juu ya ukubwani, kipindi cha hatari zaidi ni takriban miezi 15 hadi 30 ya umri, ingawa jino litaonekana mtoto akiwa na miaka sita hadi nane.

Hata hivyo, watoto wanaokunywa kisima kimoja hawaathiriki sawasawa. Panya wa koo tofauti hutofautiana waziwazi wakipewa floridi ileile, hivyo huenda jeni zina mchango. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba. Chakula nacho kina sehemu yake: magadi ya kupikia makande na kiburu yanaweza kuwa na floridi nyingi, kutegemea yalikochimbwa.

Kuchemsha maji hakusaidii, maana mvuke huondoka na floridi hubaki. Maji ya mvua ni salama zaidi kwa upande huu, na mkaa wa mifupa, uliofanyiwa utafiti kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha, huinasa vizuri. Dawa ya meno yenye floridi msiitupe, kwani huzuia meno kutoboka. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Na kusugua mabaka kwa mchanga au majivu kunamega enameli ambayo tayari ni dhaifu, wakati daktari wa meno anaweza kuyapunguza au kuyafunika.