Simba alikuwa anasema hapana

Mama mmoja wa Goba aliniita mwezi wa pili nikamchanje mbwa wake, na kabla sijafungua kile kibebeo cha barafu ninachowekea chanjo, akanipa simu. "Daktari, hebu tazama hawa wanavyopendana."

Kwenye picha alikuwepo kijana wake wa miaka minne, kifua wazi, amevaa kaptula ya shule, amemkumbatia shingoni mbwa wa rangi ya kahawia aitwaye Simba. Mtoto anacheka mpaka magego yanaonekana. Picha ilikuwa imesharushwa kwenye kundi la familia na mashangazi walikuwa wameshaipongeza.

Nikaikuza kwa vidole viwili, nikamwomba tuitazame tena, safari hii tumwangalie mbwa peke yake. Mdomo wa Simba ulikuwa umefungwa kabisa, wakati ilikuwa saa saba mchana na joto la Februari mnalijua. Mbwa wa Dar saa hizo huwa anahema ulimi nje. Kichwa alikuwa amekigeuzia ukutani, lakini jicho limebaki kwa mtoto, na pembeni mwa jicho pameonekana weupe uliopinda kama mwezi mchanga. Masikio yamelala nyuma. Ncha ya ulimi inagusa pua. Mguu mmoja wa mbele umenyanyuka kidogo, kama wa mtu anayetafuta upenyo wa kuondoka.

Mama akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo hampendi mwanangu?"

Nikamwambia huenda anampenda sana, ila hapendi kushikwa vile. Mbwa kwa mbwa hawakumbatiani. Sisi mkono shingoni ni mapenzi. Kwake ni kubanwa asipate pa kwenda. Simba alikuwa anasema hapana kwa kila kiungo alichonacho, na pale nyumbani hakuna aliyekuwa anaisikia lugha yake.

Nilisomea udaktari wa mifugo Sokoine, Morogoro, na kwa zaidi ya miaka kumi kazi yangu imekuwa kuingia kwenye mageti ya watu, kuanzia Kimara hadi Kigamboni. Wazazi huniuliza swali moja: "Daktari, huyu mbwa ni mkali?" Ningefurahi sana wangeniuliza, "Huyu mbwa anasema nini?" Watoto wengi walioumwa katika nyumba nilizoitwa hawakuumwa na mbwa koko wa jalalani. Waliumwa na mbwa wa nyumbani, anayejua majina yao, mchana kweupe, ndani ya fensi. Na karibu kila mara mbwa alikuwa ameshasema.

Mbwa haanzii kwenye meno. Anaanza kwa kulamba midomo wakati hakuna chakula, kupiga miayo wakati hana usingizi, kugeuza uso. Akiona hajaeleweka anainuka na kuondoka. Mtoto akimfuata, anaganda. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kuganda ndiko kunakopita bila kuonekana. Mkia unasimama kuyumba, mwili unakuwa mgumu kama gogo, pumzi kama imekatika, jicho halipepesi. Kwa mtu asiyejua, mbwa anaonekana ametulia, kumbe hapo zimebaki sekunde chache tu. Baada ya hapo ndipo anakuja kunguruma, kuonyesha fizi, kudaka hewa, kisha kuuma.

Kunguruma sasa. Tabata kuna baba aliyeniita akiwa na hasira za haki kabisa. Mbwa wao wa miaka sita, aliyelelewa pamoja na binti yao, alikuwa amemuuma mtoto mkononi "bila dalili yoyote." Nilipouliza kama amewahi kumngurumia, baba akajibu, "Zamani ndiyo. Nilimchapa kwa mpini wa fagio, akaacha." Nikamfunga mbwa mdomo kwa bendeji, nikainua sikio la kushoto. Lilikuwa jekundu, limevimba, usaha umejaa hadi kwenye tundu, na kwenye mkunjo wa nje kupe wamejipanga kama punje za ulezi. Binti alikuwa na mazoea ya kumshika masikio tangu akiwa anatambaa. Siku sikio lilipoanza kuuma, mbwa alinguruma. Akapigwa. Maumivu hayakuondoka, kilichoondoka ni onyo. Siku ya tatu au ya ishirini, alichobakiwa nacho kilikuwa meno.

Kwa hiyo mbwa akimngurumia mtoto, msimpige. Mwiteni mtoto aje kwenu taratibu, mwacheni mbwa aende zake, halafu tafuteni sababu. Mbwa aliyebadilika ghafla mwiteni daktari amtazame masikio, meno, viungo na katikati ya vidole, maana ugonjwa ndio chanzo kinachosahaulika kuliko vyote. Sikio la yule wa Tabata lilipona kwa wiki tatu za dawa. Kurudisha imani ya binti kulichukua muda mrefu zaidi, na sikumlaumu.

Kuna jambo la mji wetu ambalo linanikera na nitalisema. Dar wengi tunafuga mbwa kwa ajili ya wezi. Anafungiwa bandani kuanzia alfajiri, anafunguliwa saa nne usiku watoto wameshalala, asubuhi anarudishwa. Nimekuta hata watoto wa mbwa wa wiki nane wamewekwa gizani "ili wawe wakali." Kipindi cha kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 14 ndicho ambacho mbwa anajifunza dunia ina nini ndani yake. Asipoona mtoto anayekimbia, anayelia, anayedondoka na kuinuka, akiwa mkubwa vitu hivyo vitamtisha. Halafu siku moja komeo la banda halikukazwa, watoto wanacheza kombolela uani, na mbwa aliyeishi nao miaka mitatu anakutana nao kwa mara ya kwanza. Watu husema mbwa wetu kawageuka watoto. Hakuwageuka, hakuwahi kuwajua. Na mbwa anayewafahamu watu wa nyumba yake hapungui ulinzi hata chembe. Anajua nani wa ndani na nani ameruka ukuta.

Mkitaka kumtoa bandani mchana, msifungue tu mlango. Anzeni na mtu mzima aliyemshika mbwa kwa mkanda wa shingoni, mtoto akiwa amekaa kibarazani mbali, anakula maembe yake. Mbwa amwone, apewe dagaa, arudi. Kesho hivyohivyo. Mkimwona anamtazama mtoto na kugeuka mwenyewe kutafuta dagaa, sogeeni hatua mbili. Wiki mbili za hivi, dakika kumi kwa siku, zinafanya kazi kuliko siku moja ya kuwakutanisha kwa nguvu.

Na katika hili mtu wa kwanza kufundishwa ni dada wa kazi. Ninaelekeza baba, baba anatikisa kichwa, saa kumi na moja na nusu alfajiri keshaingia kwenye foleni ya Ubungo. Anayebaki na mtoto, mbwa, jiko la mkaa na nguo za kufua ni dada, ambaye mara nyingi ametoka mkoani juzi na mbwa mwenyewe anamwogopa. Kila nyumba sasa namwomba dada akae nasi wakati wa maelezo. Namwambia kazi ya kuwaangalia haiwezi kuunganishwa na kufua. Kama huwezi kuwatazama kwa macho na kuwafikia kwa hatua mbili, mtenganishe mmoja: mbwa aende bandani au mtoto aingie ndani. Mtoto wa chini ya miaka sita hasa, asiachwe na mbwa hata dakika ya kwenda kupokea mkate getini. Nimewaona madada wakilishika jambo hili kuliko wenye nyumba.

Mbwa anapokula asisogelewe, iwe ni ugali na dagaa au mifupa ya jana. Usimwambie mtoto aingize mkono kwenye sufuria "ili mbwa azoee". Hapo unamfundisha mbwa kwamba mtoto ni mwizi. Akilala, aitwe kwa mbali na asiguswe. Mwenye watoto wachanga wa kunyonyesha aachwe kabisa. Na awe na pahala pake, chini ya mwembe au nyuma ya tangi la maji, ambapo mtoto hakanyagi.

Watoto nao wanaelewa kuliko tunavyodhani, ukiwapa kwa mchezo. Mimi nina mitatu. Wa kwanza ni mbuyu: mbwa usiyemjua akikujia, simama kama mbuyu, mikono imekunjwa kifuani, macho kwenye vidole vyako vya miguu, kimya. Mbuyu haukimbii wala haupigi kelele, na mbwa akinusa asione cha kufukuza huenda zake. Wa pili ni kobe, ukiangushwa: piga magoti, jikunje, vidole vifumbatane nyuma ya shingo, masikio yafunikwe kwa mikono. Wa tatu ni wa kumpapasa mbwa wa nyumbani, na huu ndio ninaoupenda. Mwache aje mwenyewe. Mpapase kifuani au ubavuni, si utosini, ukihesabu moja, mbili, tatu. Toa mkono, uweke mgongoni kwako, usubiri. Akikusogelea na kukuegemea, amesema ndiyo. Akigeuka, akilamba pua, akibaki amesimama tu, amesema hapana.

Nyumba nyingi ninazoingia ni za Waislamu, na humo mate ya mbwa ni najisi. Kilichoguswa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wazee wana msemo wao, mchezea mbwa huingia naye msikitini. Sijawahi kuona hilo likizuia usalama. Mbwa na mtoto wanaweza kuheshimiana kwa umbali wa mita tatu, kwa sauti na kwa chakula kinachorushwa, bila mguso wowote. Mbuyu na kobe navyo havihitaji kugusana.

Minyoo na kupe nitavigusia tu: mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wenu, kinyesi kizolewe kila siku kwenye mchanga wanaochezea watoto, na watoto wanawe mikono.

Ila kichaa cha mbwa sitakipita haraka. Zikishaonekana dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Ni wafupi, mara nyingi meno yanafika kichwani na usoni, na huko virusi vina safari fupi kwenda kwenye ubongo. Mchanje mbwa akifika miezi 3, kisha kila mwaka. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mara nyingi kunakuwa na chanjo za bure. Ulizeni ofisi ya mifugo ya kata.

Mtoto akiumwa, au hata akikwaruzwa tu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili kwa saa. Kama bomba halitoi, mmoja amimine maji ya dumu kwa kopo, mwingine aoshe. Dakika 15 ni ndefu, mtoto atalia, endeleeni. Msipake mafuta, majivu, kahawa wala dawa ya meno. Kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi ya chanjo. Daktari ndiye ataamua sindano zipi na kwa siku zipi. Na majirani wakija na marungu, wazuieni kama mbwa anaweza kufungiwa salama. Mbwa aliye hai anayetazamwa kwa siku 10 anamwambia daktari wa mtoto kama alikuwa na kichaa au la, jambo ambalo mzoga uliotupwa hauwezi kumwambia.

Nilirudi Goba baada ya wiki sita kumpa Simba dawa ya kupe. Kijana alikuwa uani na gari lake la kopo. Simba akampita, kijana akanyoosha mkono ubavuni, moja, mbili, tatu, akauficha mgongoni. Simba akasimama kidogo, akalamba pua, akaenda zake chini ya mwembe. Kijana akamwangalia mama yake. "Hataki," akasema, akarudi kwenye gari lake.

Nilikuwa namalizia kuandika kadi nilipomwona mbwa amerudi mwenyewe. Alijilaza mchangani hatua moja kutoka kwa mtoto, mdomo wazi, ulimi umening'inia pembeni.