“Huumwi, Una Mawazo Tu”

Kauli hii imewarudisha wagonjwa wengi nyumbani na aibu juu ya maumivu. Ukweli ni kwamba mawazo hayakai kichwani peke yake. Ukiingiwa na hofu, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini na kotisoli, homoni za msongo. Moyo huenda mbio, ini huachia sukari kwenye damu. Hali hii ikipita baada ya dakika chache haidhuru, tena huokoa maisha. Ikidumu miezi na miaka, huvuruga kinga ya mwili.

Mwaka 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake nchini Marekani waliwachukua wanawake 13 waliokuwa wakiuguza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, wakawalinganisha na wengine 13 wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitolewa kipande cha ngozi mkononi, kikabaki kidonda cha milimita 3.5. Kilihesabiwa kimepona pale kilipotiwa dawa ya kusafishia, ambayo hutoa povu kwenye kidonda kibichi, kisitoe povu. Wasiouguza mtu walipona kwa wastani wa siku 39, wenzao karibu 49. Kidonda ni kile kile.

“Vidonda vya tumbo huletwa na mawazo.” Hapa tunakosea kwa upande wa pili. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria *Helicobacter pylori* na mchango wake katika vidonda hivyo. Marshall aliwahi hata kuwanywa bakteria hao, tumbo lake likavimba kwa ndani. Visababishi vingine ni dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Msongo unaweza kuzidisha maumivu, ila anayeambiwa “punguza mawazo” bila kupimwa amenyimwa matibabu, maana bakteria hao huuawa kwa antibiotiki.

“Sigara hutuliza.” Inachotuliza zaidi ni kiu ya nikotini iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Wanaofanikiwa kuacha, wasiwasi wao hupungua.

“Asiyefuata masharti ya daktari ni mzembe.” Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Msongo huiba usingizi, na aliyekosa usingizi huona njaa zaidi, hutamani vitamu na hukosa nguvu ya kufanya mazoezi. Mama aliyekesha na mgonjwa hukumbuka alfajiri kidonge chake cha presha cha jana usiku. Ukimgombeza, safari ijayo atasema amemeza. Muulize kinachomkwamisha, kisha mkiambatanishe kidonge na jambo ambalo halimpiti, kama kupiga mswaki.

Wala msimpe zile siku 21 ambazo watu husema zinatosha kujenga mazoea. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, London, ulikadiria kuwa mazoea mapya huchukua kati ya siku 18 na 254 kukomaa, na aliyeruka siku moja hakuwa ameharibu kazi yake.