Magazeti manne, shahidi mmoja

Mwezi huu huyu ni wa tatu. Mwanafunzi wa uzamili, anaandika mapitio ya maandiko kuhusu kichocho huku kwetu kandokando ya ziwa, kaninyooshea simu: "Mwalimu, hii dawa imethibitishwa, magazeti manne yameandika." Makala ya kitafiti iko wapi? Hana.

Dhana: Ikiripotiwa kwingi, imethibitishwa.

Tulizifungua zote nne pale mezani. Nukuu ile ile ya mtafiti yule yule, hadi kosa la tahajia. Zote zilitoka kwenye taarifa moja ya chuo kwa wanahabari. Huyo ni shahidi mmoja aliyetolewa fotokopi. Tukaipakua makala yenyewe. Jedwali la kwanza: waliojaribiwa ni panya! Kwenye habari zote nne, panya hatajwi.

Wala usikimbilie kumlaumu mwandishi. Mwaka 2014 jarida la tiba la BMJ lilichapisha uchambuzi wa taarifa 462 za vyuo vikuu 20 vya Uingereza kwa wanahabari. Kwa tafiti za wanyama, 36% ya taarifa ziliwahusisha binadamu kupita kile makala ilichosema. Chumvi inatiwa jikoni kwetu watafiti, kisha tunamlaumu mpakuaji.

Nawaambia kila siku: ruka ikisiri (muhtasari wa mwanzo), anza na jedwali la kwanza na sehemu ya mbinu. Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, mchuuzi hanunui gunia la dagaa kwa kusikia sifa. Anazamisha mkono hadi chini atafute mchanga. Wewe una shahada mbili, unashindwaje?

Dhana: Mwanasayansi hayumbishwi na gazeti.

Anayumba sana. Uchambuzi wa mwaka 1991 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine ulionyesha makala za kitafiti zilizoripotiwa na gazeti la New York Times zilinukuliwa na wanasayansi karibu 73% zaidi mwaka wa kwanza. Wakati wa mgomo wa 1978, gazeti liliandaliwa lakini halikusambazwa. Tofauti ikapotea: makala ambazo gazeti lingeziripoti hazikunukuliwa zaidi.

Dhana: Basi wanahabari wa sayansi hawana faida.

Wanayo, wakiuliza wasiohusika na utafiti. Mwaka 2010 jarida la Science lilitangaza bakteria wa Mono Lake, Marekani, eti wanajenga DNA kwa arseniki, kemikali ya sumu. Ndani ya siku chache mwandishi Carl Zimmer aliwauliza wataalamu kumi na kitu. Karibu wote waliikataa. Jarida limeifuta 2025.