Vikwazo vya Ulaya dhidi ya Urusi: anza na kalenda

Kwa miaka kadhaa Hungary, chini ya waziri mkuu Viktor Orbán, ilikuwa ikitishia kuangusha vikwazo vya Umoja wa Ulaya dhidi ya Urusi, na wengi hushangaa nchi moja inawezaje kuwatikisa wenzake 26. Mimi huanza na kalenda.

Vikwazo vya kiuchumi, vilivyoanza Julai 2014, huwekwa kwa miezi sita sita: hukoma 31 Januari na 31 Julai. Orodha ya watu na kampuni zilizozuiliwa mali ina tarehe zake, 15 Machi na 15 Septemba. Kuongeza muda kunadai kauli moja, yaani asipinge hata mmoja, kwa Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya. Mpingaji basi hahitaji washirika. Akigoma tu hadi siku ifike, vikwazo vinakufa vyenyewe. Ndiyo maana mara nne kwa mwaka ana kitu cha kuuza. Machi 2025, baada ya shinikizo la Hungary, majina kadhaa yaliondolewa orodhani.

Ibara hiyo ina upenyo. Nchi inaweza kujizuia kupiga kura kwa tamko rasmi, isilazimike kutekeleza uamuzi, na wengine wakaendelea. Wanaojizuia wakifikia theluthi ya nchi zenye theluthi ya watu, uamuzi unaanguka. Kisiasa kuna njia nyepesi zaidi: Desemba 2023 Orbán alitoka ukumbini, na wenzake wakakubali kuanza mazungumzo ya uanachama na Ukraine. Usiku huohuo akazuia msaada wa euro bilioni 50 kwa Ukraine, akaja kuukubali 1 Februari 2024. (Kutoka nje si kulainika.)

Hatari kubwa ilikuwa akiba ya Benki Kuu ya Urusi iliyozuiliwa Ulaya, takriban euro bilioni 210, nyingi zikiwa Euroclear, kampuni ya kuhifadhi dhamana za fedha iliyoko Brussels. Muda wa zuio ukipita hata kwa siku chache, fedha zinaweza kuhamishwa, na hakuna wa kuzirudisha. Desemba 2025 zuio hilo likahamishiwa Ibara ya 122 ya Mkataba wa Utendaji wa Umoja, ambako hutosha nchi 15 kati ya 27 zenye asilimia 65 ya watu. Hungary na Slovakia zilipinga, zikazidiwa kura.

Udhaifu upo. Ibara ya 122 ni ya dharura za kiuchumi, si sera ya nje, hivyo ilibidi kujenga hoja kwamba kuziachia fedha hizo kungeumiza uchumi wa Ulaya wenyewe. Hoja hiyo inaweza kupingwa katika mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg. Tena hatua hiyo inahusu akiba ya benki kuu peke yake. Marufuku za biashara na orodha ya majina zimebaki chini ya kauli moja, na tarehe zao nne.