"Customs" si wingi wa "custom" tu

Wanafunzi wengi wa Kiingereza huamini kwamba herufi "s" mwishoni mwa nomino huleta wingi tu, maana ikabaki ileile. Kwenye maneno ya safari na adabu, imani hiyo hupotosha sana.

Chukua "custom". Ni desturi, na desturi nyingi ni "customs", sawa kabisa. Lakini ukishuka kwenye ndege ukaona kibao cha "Customs", hapo hakuna atakayekuuliza habari za mila zenu. Ni forodha. Ofisa atasema, "Anything to declare?", akitaka umwambie kama una mzigo unaopaswa kulipiwa ushuru. Aliyefundishwa kwamba "declare" ni kutangaza, basi, ataduwaa mbele ya dawati, na kosa si lake: alipewa neno bila kuonyeshwa linapotumika. Maana hizi mbili za "customs", desturi na forodha, ni ndugu, lakini. Zamani Uingereza, malipo yaliyotozwa kwa mazoea yaliitwa kwa jina la mazoea yenyewe, na jina likaganda kwenye ushuru wa bidhaa.

"Manner" nayo ni namna ya kufanya jambo. "Manners" ni adabu. "He has no manners" maana yake hana adabu, nayo ni kauli nzito, usiitumie ovyo.

Na "travel"? Safari moja ni "a trip" au "a journey", kamwe si "a travel". Hata hivyo, "on her travels", yaani katika safari zake, ni Kiingereza safi.