Vumbi la Jangwani Lina Njia Zake, na Hili la Mtaani Lina Mwenyewe

Kila mwaka mvua za masika zikikatika na barabara za mitaani kukauka, ofisi yetu hupokea simu na barua kutoka Mbagala, Kimara, Goba na Kigamboni, zote zikiuliza jambo lile lile: je, vumbi lililotanda angani ni la Sahara? Safari hii maswali yameongezeka, kwa sehemu kwa sababu ya maadhimisho ya tarehe 12 Julai, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2023 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kupambana na Dhoruba za Mchanga na Vumbi, na kwa sehemu kubwa zaidi kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp unaodai kwamba dhoruba ya jangwani inaelekea pwani yetu.

Jibu ni hapana, na sababu yake anaijua kila mvuvi wa Feri. Kati ya Juni na Septemba huku kwetu huvuma kusi, upepo unaotoka kusini-mashariki baada ya kusafiri masafa marefu juu ya Bahari ya Hindi. Sahara iko kaskazini-magharibi mwetu. Upepo hauwezi kutoka baharini ukiwa umebeba mzigo wa Libya, na tumelieleza jambo hili mara nyingi kiasi kwamba tunastahili kusamehewa tukionekana kuchoka.

Hii haina maana kwamba vumbi la jangwani halisafiri. Husafiri, tena mbali sana. Mfano unaojulikana zaidi ni bonde la Bodélé nchini Chad, ambako upepo hubanwa kati ya milima ya Tibesti na nyanda za juu za Ennedi na kutoka kwa kasi, kama hewa inayopita kwenye uchochoro. Ardhi ya pale ilikuwa sakafu ya ziwa kubwa la kale, na unga mweupe unaopeperushwa ni mabaki ya magamba ya viumbe wadogo wa majini. Chembe za mchanga hurukaruka juu ya ardhi hiyo, na kila zinapoanguka huugonga udongo mkavu na kuupasua, ndipo unga laini unapopanda juu. Ukishafika kilomita kadhaa angani huvuka Atlantiki kwa takriban wiki moja. Watafiti waliotumia vipimo vya setilaiti ya NASA walikadiria mwaka 2015 kwamba tani milioni 27.7 za vumbi la Afrika huangukia bonde la Amazon kila mwaka, zikiwa na fosforasi ipatayo tani 22,000, kiasi kinacholingana kwa karibu na kile ambacho mvua na mafuriko huondoa katika udongo wa msitu ule. Kwa hiyo vumbi hilo hilo linaloufungia uwanja wa ndege, kama lilivyofanya Visiwa vya Canary Februari 2020, ni mbolea kwa msitu ulio ng'ambo ya bahari. Chuma kilichomo hulisha mimea midogo ya baharini; likitua juu ya theluji ya Alps, theluji hugeuka rangi, hunyonya joto zaidi la jua na kuyeyuka mapema.

Kwa tahadhari niongeze kwamba kaskazi, anayevuma kati ya Desemba na Machi, hutoka upande wa Arabuni na Pembe ya Afrika, na hatuwezi kusema kwamba hakuna chembe hata moja anayokuja nayo. Lakini hicho sicho kinachochafua nguo zenu kwenye kamba.

Mzee mmoja alifika kaunta akiwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa vumbi alilofagia barazani. "Mwanangu," aliniambia, "hili limetoka jangwani, lipime." Nilimwamkia, nikamwomba achukue kidogo alisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Lilikwaruza. Vumbi linalovuka bahari kwa kawaida ni chembe za mikroni chache tu (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), laini kama poda ya mtoto. Punje inayokwaruza kidole huanguka karibu na ilikotoka. Kopo la mzee lilikuwa na moramu nyekundu na vipande vya saruji. Nilipomuuliza nini kinapita mbele ya nyumba yake, alijibu bila kufikiri: malori ya kifusi, mchana na usiku.

Madhara kwa mapafu hayabagui asili ya vumbi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka chembe zisizozidi mikroni 10 zisipite mikrogramu 45 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 24. Tofauti ni kwamba jangwa halishitakiki, wakati lori lisilofunikwa turubai na eneo la ujenzi lisilomwagiwa maji vina wenyewe.

Utaratibu ni huu. Malalamiko yaanzie ofisi ya serikali ya mtaa, kwa maandishi, yakitaja mahali, tarehe, saa na chanzo. Nakala ipelekwe kwa afisa mazingira wa halmashauri, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa abaki nayo mlalamikaji. Pasipopatikana hatua, suala lipelekwe NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kwa kuzingatia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007. Barua inayosema tu "vumbi limezidi" haimsaidii mkaguzi, kwa sababu hatajua aende wapi wala saa ngapi.

Kuhusu ujumbe wa dhoruba, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamhusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo na kwa nia ya kupotosha umma: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Tunaamini wengi walioisambaza walikuwa na nia njema. Taarifa za hali ya hewa zitafutwe kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Mzee aliandika barua yake pale pale, akataja saa ambazo malori hupita. Kopo alituachia.